Kuchagua gari lililotumika kwa ajili ya sakiti na marekebisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku ya sakiti ni nini, na inahitaji gari la namna gani?

Ni siku ambayo wamiliki wa magari ya kawaida huruhusiwa kuendesha kwa kasi ndani ya uwanja wa mbio, kwa zamu fupi ambazo aghalabu hazizidi nusu saa, bila kushindania nafasi. Gari hulipita jingine katika sehemu zilizoruhusiwa tu, na mara nyingi ni baada ya dereva wa mbele kutoa ishara. Kwa hiyo gari linalofaa si lazima liwe na kasi kuliko mengine yote yaliyofika siku hiyo. Linalotakiwa ni gari linaloweza kurudia mzunguko uleule mara nyingi mfululizo bila injini kuchemka, bila pedali ya breki kuzama na bila shinikizo la oili kushuka. Uwezo huo wa kustahimili joto ndio ninaouweka mbele katika majibu yote yanayofuata, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayoharibika uwanjani huharibiwa na joto lililokosa njia ya kutoka.

Je, nianze na gari lenye nguvu kubwa?

Ushauri wangu ni hapana, na sababu yake inaweza kuoneshwa kwa hesabu. Gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 180 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 1,250. Likifunga breki hadi kilomita 90 kwa saa, robo tu ya nishati hiyo hubaki, na kilojuli zipatazo 940 hugeuka kuwa joto, ambalo sehemu yake kubwa huishia kwenye diski na pedi za breki. Gari la kilo 1,600 likifanya jambo hilohilo huzalisha kilojuli 1,500. Tofauti hiyo hujirudia kwenye kila kona nzito, katika kila mzunguko, na hulipwa kwa pedi, diski na tairi. Aidha, nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo injini yenye nguvu zaidi, inayolifikisha gari kwenye kona likiwa na kasi kubwa zaidi, huongeza mzigo wa breki kuliko mnunuzi anavyotarajia.

Upande wa pili ni kujifunza. Gari jepesi lenye nguvu ya wastani humruhusu dereva kufikia kikomo cha mshiko wa tairi akiwa katika kasi inayomwachia nafasi ya kurekebisha kosa, ilhali gari lenye nguvu nyingi humfichia udhaifu wake kwa kumrudishia muda kwenye sehemu zilizonyooka. Mtu aliyejifunza kukata kona katika gari la nguvu farasi 120 huweza kuhamia kwenye gari la nguvu farasi 350 bila taabu nyingi. Kuhama kwa upande wa pili huwa kugumu zaidi, kwa sababu huko makosa yaliyofichwa hujitokeza yote kwa pamoja.

Ni magari gani yaliyotumika yanayofaa zaidi?

Mazda MX-5 ndilo ninalolitaja kwanza bila kusita. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka 1989, kina uzito wa karibu tani moja, injini yake haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Spea zake ni nyingi na muundo wake ni rahisi kufanyiwa kazi. Magari ya miaka ya mwanzo kabisa yenye injini ya lita 1.6 yana udhaifu kwenye ncha ya mbele ya krenki shafti, panapofungwa puli, na mnunuzi anapaswa kulikagua eneo hilo kwa makini. Kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango ni kasoro ya kawaida, na ni ya hatari kwa sababu bodi ya gari lililo wazi juu hutegemea sana sehemu hizo kwa uimara wake.

Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2012 yakiwa na injini ya bapa (silinda zake zimelala) ya lita 2.0 na nguvu farasi 200, ni chaguo zuri kwa anayetaka gari la kisasa zaidi lenye paa la chuma. Uzito wake unakaribia kilo 1,240, na chasisi yake inampa dereva taarifa nyingi kupitia usukani na kiti. Joto la oili hupanda haraka uwanjani, na kwa matumizi ya mara kwa mara kipoza oili ni cha lazima. Kizazi cha pili chenye injini ya lita 2.4 kina nguvu zaidi, lakini wamiliki wengi wameripoti shinikizo la oili kushuka kwenye kona ndefu, pamoja na vipande vya gundi ya kuzibia vinavyonasa kwenye chujio la bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Anayelinunua afungue sampu mapema na kusafisha.

Kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, Honda Civic Type R na Renault Clio RS za matoleo ya 172 na 182 zimejijengea heshima inayostahili. Clio inahitaji ushahidi wa maandishi kwamba mkanda wa taimingi umebadilishwa kwa wakati wake, maana mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni. Honda S2000, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, ina injini ya ajabu ambayo katika toleo la lita 2.0 hufika karibu mizunguko 9,000 kwa dakika, lakini magari yake ya miaka ya mwanzo hutupa mkia ghafla kwenye kona, na kwa hiyo silipendekezi kwa mtu ambaye hajawahi kuingia sakiti.

BMW M3 ya kizazi cha E46 ni gari kamili kwa namna nyingi, ila mabati ya sakafu ya nyuma, pale fremu ndogo inayobeba difu (gia za kugawia magurudumu nguvu) inaposhikiliwa, huchanika. Lipandishwe kwenye lifti na kuangaliwa na fundi anayelijua kabla bei haijajadiliwa. Beringi za koni rodi (mikono ya pistoni) nazo zina historia ya kuchakaa mapema. Nissan 370Z, hususan ya miaka ya mwanzo, hupandisha joto la oili hadi kompyuta ikapunguza nguvu katikati ya zamu. Subaru Impreza yenye injini ya turbo ya lita 2.5 hujulikana kwa kupasuka kwa pistoni kwenye nafasi za ringi, hasa pale mipangilio ya kompyuta ilipoguswa na mtu asiye na ujuzi. Mitsubishi Lancer Evolution za hadi kizazi cha tisa zina injini ya 4G63 yenye bloku ya chuma cha kusubu, imara sana, lakini ni vigumu kupata iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Porsche Boxster na 911 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 huendesheka vizuri mno, ila mnunuzi aulize kuhusu beringi ya shafti ya kati, ambayo ikivunjika huua injini nzima.

Mazda RX-8 huwavutia wengi kwa bei yake, na chasisi yake kweli ni nzuri. Injini yake ya rota, yaani yenye vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni, hupimwa kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani yake) kwa kifaa maalumu, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu na kila uso unapaswa kusomwa peke yake. Muuzaji akikataa kipimo hicho, chukulia kwamba injini inahitaji kujengwa upya na upange bei kwa msingi huo.

Ninunue gari ambalo limeshafanyiwa marekebisho, au ambalo halijaguswa?

Kwa mtu anayeanza, gari ambalo halijaguswa ndilo bora karibu kila wakati. Gari la kiwandani lilipimwa na wahandisi kama kitu kimoja, na kasoro zake zinajulikana, wakati gari lililorekebishwa hubeba maamuzi ya watu usiowajua, wengine wao wakiwa makini na wengine wakiwa na haraka. Turbo iliyopandishwa msukumo bila pampu ya mafuta inayotosheleza huweza kuendeshwa miezi mingi barabarani bila dalili yoyote, kisha ikatoboa pistoni katika nusu saa ya kwanza uwanjani.

Kuna hali moja ninayoikubali. Gari lililotayarishwa kwa sakiti na mtu makini, likiwa na kipoza oili, diski nzuri, viti na fremu ya usalama (mabomba ya chuma ndani ya kabini) vilivyofungwa kitaalamu, huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na gharama ya vifaa hivyo. Gari kama hilo huja na daftari. Mmiliki wake hukuambia bila kuulizwa ni lini alibadilisha oili, alitumia pedi gani, injini ilifunguliwa na nani na kwa nini. Unapouliza nani aliyepanga kompyuta ya injini na jibu likawa la kuzungukazunguka, ondoka.

Nikague vipi kabla ya kununua?

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Fika mapema, gusa boneti, na ukiikuta ya moto uliza kwa nini, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huenda inaficha moshi, mlio wa mnyororo wa taimingi au ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaotoka mara ya kwanza baada ya kuwasha huashiria sili za valvu au turbo iliyochoka. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, hasa ukiwa na harufu tamu, huashiria maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda kupitia gasketi ya silinda hedi.

Hatua inayofuata ni kipimo cha kompresheni, ambacho ni cha gharama ndogo kuliko chochote utakachokijutia baadaye. Tarakimu yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. Kinachoangaliwa zaidi ni usawa, na silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo la kuchunguza. Fundi mwenye kifaa cha kupima uvujaji ataweza kueleza hewa inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Kompyuta ya gari nayo isomwe. Usiridhike na kuambiwa kwamba hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, kwa kuwa hitilafu zinaweza kufutwa dakika chache kabla ya kufika kwako. Kifaa cha kusomea huonesha pia kama majaribio ya ndani ya mfumo wa moshi yamekamilika, na iwapo mengi bado hayajakamilika, kumbukumbu ilifutwa au betri ilichomolewa hivi karibuni.

Kisha gari lipande kwenye lifti. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote. Tazama nguzo za chasisi kama zina mikunjo au rangi mpya, linganisha upande wa kulia na wa kushoto, pitia sehemu zote za kuchomelea, na shika kila gurudumu ulitikise juu na chini, kisha kulia na kushoto, ili kugundua beringi, boli jointi na tairodi zilizolegea. Bushi zilizochanika si sababu ya kuacha gari, maana utazibadilisha hata hivyo. Chasisi iliyopinda ni sababu tosha. Angalia rangi ya diski na kalipa (kishikio kinachobana pedi): rangi ya bluu kwenye diski na vumbilinda vya kalipa vilivyoungua ni alama za gari lililotumika uwanjani, na muuzaji aliyesema halijawahi kuingia sakiti atakuwa na jambo la kueleza. Soma pia umri wa tairi kwenye namba nne za mwisho za msimbo wa ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho, liendeshe hadi lipate moto kamili. Ingiza gia ya pili na ya tatu kwa haraka kiasi, ukipanda na ukishuka, kwa kuwa sinkronaiza (visawazisha mwendo wa gia) za gia hizo ndizo huchoka mapema katika magari yaliyoendeshwa kwa nguvu. Kujaribu klachi, weka gia ya juu katika mwendo mdogo na ukanyage mafuta yote. Mizunguko ikipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha.

Kilomita nyingi ni tatizo?

Zinanisumbua kidogo kuliko watu wengi. Gari lenye kilomita 180,000 na kumbukumbu kamili za matengenezo huwa salama kuliko lenye kilomita 70,000 lililokaa miaka mitatu bila kuwashwa, likiwa na mipira iliyokauka, matangi yenye kutu na mafuta ya breki yaliyojaa maji.

Magurudumu ya mbele, ya nyuma au yote manne?

Yote yanafaa, na tofauti iko katika kile yanachokifundisha na wapi yanapochosha vifaa. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni jepesi na husamehe, lakini tairi zake za mbele hufanya kazi ya kuvuta, kukata kona na sehemu kubwa ya kufunga breki, na huisha upesi. La magurudumu ya nyuma hufundisha utulivu wa mguu wa kulia. La magurudumu yote manne hutoka kwenye kona kwa uhakika hata uwanja ukiwa na maji, na huyalipia hayo kwa uzito na kwa mfumo wenye difu na shafti nyingi zaidi za kutunza.

Nikishanunua, nianze kubadilisha nini?

Anza na vimiminika. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Kwa mujibu wa viwango, mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kikomo hicho hushuka hadi 155. Kwa DOT 5.1 viwango hivyo ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, mvuke unaofanyika hubanwa kirahisi, pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Badilisha yote, toa hewa vizuri, na usiyachanganye na ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni na ni kitu kingine kabisa licha ya kufanana kwa jina.

Fuatisha pedi zinazostahimili joto kali na diski zenye unene unaoruhusiwa. Diski za kawaida zisizotobolewa hutosha, na ninazipendelea, kwa kuwa zilizotobolewa huanza kupasuka kuzunguka matundu zikipata joto na kupoa mara kwa mara. Kalipa kubwa zinaweza kusubiri. Oili ya injini nayo iwe mpya na ya ubora wa juu, na geji ya joto lake pamoja na ya shinikizo ziwekwe mapema, kwa kuwa taa nyekundu ya dashibodi huwaka madhara yakiwa yameshatokea. Joto la oili likizidi nyuzi 130 na kuendelea kupanda, punguza mwendo na ukamilishe mzunguko taratibu.

Baada ya hapo ni tairi na mpangilio wa magurudumu. Kuyainamisha magurudumu ya mbele ili sehemu ya juu ielekee ndani kwa nyuzi mbili hadi tatu huokoa ukingo wa nje wa tairi na kuongeza mshiko kwenye kona kuliko marekebisho mengi ya gharama kubwa. Springi na shokamzoba zifuate kwa pamoja, zikiwa zimelinganishwa. Springi fupi za bei nafuu zikiwekwa kwenye shokamzoba za zamani huzifanya shokamzoba hizo zigonge mwisho wa mwendo wake katikati ya kona, na hapo mshiko hupotea bila onyo.

Ni wakati gani wa kuongeza nguvu ya injini?

Gari linapoweza kumaliza kila zamu ya siku nzima likiwa na joto lililotulia na breki zilezile, na wewe unapokuwa umejifunza kutumia nguvu iliyopo. Injini isiyo na turbo hutoa ongezeko dogo kwa gharama kubwa. Yenye turbo hupokea kwa urahisi, na urahisi huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu kila nguvu inayoongezwa huleta joto jipya kwenye rejeta, oili, kipoza hewa ya turbo, giaboksi na difu. Upangaji wa kompyuta ufanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu, mpangaji akiufuatilia uwiano wa hewa na mafuta pamoja na dalili za mlipuko wa mapema ndani ya silinda.

Naweza kutumia gari hilohilo kwa safari za kila siku?

Unaweza, mradi uliweke katika hali ya wastani. Mpaka ambao nashauri usivukwe ni fremu kamili ya usalama. Uwanjani, dereva akiwa amevaa helmeti, kiti cha kukumbatia na mikanda ya pointi nyingi, fremu hiyo huokoa maisha. Barabarani, kichwa kisicho na helmeti kikigonga bomba la chuma katika ajali ya kawaida huumia vibaya. Mikanda ya pointi nne nayo isifungwe kwenye kiti cha kawaida, kwa kuwa hukosa mahali sahihi pa kupitia na mwili huweza kuteleza chini yake.

Bima ya kawaida inanilinda uwanjani?

Kwa kawaida hapana. Mikataba mingi hutaja wazi kwamba matumizi ndani ya viwanja vya mbio hayafidiwi, hata pasipokuwa na mashindano. Soma kipengele hicho, kisha ulizia bima ya siku moja kama ipo. Uliza pia kikomo cha kelele cha uwanja kabla hujabadilisha ekzosi, kwa kuwa viwanja vingi hupima desibeli mlangoni na gari lililozidi hurudishwa.

Nigawe vipi bajeti yangu?

Napendekeza utumie takriban nusu tu ya fedha zako kwenye gari lenyewe. Nusu nyingine igawanywe kati ya matengenezo ya kulirudisha katika hali njema, breki na tairi, vifaa vya usalama wako, ada za uwanja pamoja na mwalimu wa siku za mwanzo, na akiba ya kulivuta hadi nyumbani likiharibika. Iwapo mgawanyo huo unakulazimisha kushuka kutoka M3 hadi MX-5, shuka.

Ni alama gani zinazotosha kuniondoa kwenye gari, hata kama bei ni nzuri?

Namba ya chasisi iliyoguswa au isiyolingana na hati. Chembe zinazong'aa kwenye oili. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaofuata mizunguko. Nguzo za chasisi zilizonyooshwa. Fremu ya usalama iliyochomelewa ovyo. Na muuzaji anayezuia gari lisipandishwe kwenye lifti kwa gharama yako mwenyewe.